Zizi la Ngamia Mia Moja

Mwaka ulikuwa 2019, msimu ulikuwa jilaal, kile kiangazi kirefu kinachoingia Januari na kukataa kuondoka, nami nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Naanza na mambo hayo matatu kwa makusudi. Watu wengi wa rika langu hapa Garissa wakiulizwa walizaliwa lini hutaja ukame fulani au mafuriko fulani, na siku nilipojifunza kuandika tarehe niliapa kwamba maisha yangu yatakuwa na siku, mwezi na mwaka. Nilianza kusoma nikiwa na miaka ishirini na minane, katika darasa la watu wazima. Kidato cha nne nilikifanya kama mtahiniwa wa binafsi. Na mwaka huo ninaousimulia nilikuwa namalizia stashahada ya teknolojia ya habari katika chuo kimoja cha ufundi mjini. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka wa 2012. Habari za ukoo na za kabla ya hapo zina mahali pake, lakini si hapa.

Kilichonirudisha kwenye mwaka ule ni simu. Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, Nasteho, ambaye tulikaa naye benchi moja chuoni na ambaye sasa anafanya kazi Nairobi, alinipigia kuniambia kwamba Mwalimu Kioko amefariki kwao Machakos. Nilimwambia yale yanayosemwa, nikaiombea familia yake subira, nikakata simu. Kisha nikasimama nikaosha vikombe vilivyokuwa safi, nikafungua dirisha, nikalifunga, nikatoka uani na kurudi bila nililolifuata. Mjukuu wangu aliniuliza nimepoteza nini. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuitambua hali ile. Miguu yangu ilikuwa imekumbuka kabla yangu. Hivyo ndivyo nilivyoishi tangu Machi hadi Julai ya 2019, nikishindwa kukaa mahali pamoja hadi chai iishe kikombeni, na mtu aliyenifanya niishi hivyo, au aliyeniacha niishi hivyo, ndiye huyo aliyekuwa amefariki.

Maabara ya kompyuta ilikuwa chumba kirefu nyuma ya karakana ya useremala, chenye feni mbili ambazo moja ilikuwa ikizunguka na nyingine ikitetemeka tu. Mapazia yalikuwa ya kijani kibichi, na vumbi la mbao lilipenya chini ya mlango hata likaingia kwenye herufi za kibodi. Mwalimu Kioko alifundisha humo lugha ya C. Walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi, kule tunakokuita Kenya kana kwamba sisi tuko ng'ambo, hawakukaa kwetu zaidi ya miaka miwili. Yeye alikuwa na tisa. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyekunywa chai yetu ya iliki na maziwa ya ngamia bila kukunja uso. Kwa sababu mashine zilikuwa nzee na umeme haukuwa wa kutegemewa, alikuwa na namna yake ya kazi. Kuna programu iitwayo kompaila, ambayo kazi yake ni kuyachukua maandishi yaliyoandikwa na mtu na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Amri ya kuiita ni ndefu na yenye alama nyingi, nasi tulikuwa tukikosea kila mara. Basi Mwalimu akatutungia amri fupi, akaiweka katika kila mashine ya maabara: pika. Ukiandika pika na jina la kazi yako, mengine yote yalifanyika nyuma ya pazia. Nasteho, aliyekuwa na miaka ishirini na mmoja na mdomo usiopumzika, alikuwa akisema kwamba ule ndio upishi pekee ambao mama yake hajawahi kuulalamikia.

Kazi ya mwisho ya stashahada ilikuwa kuandika programu itakayotatua tatizo la kihesabu la mahali tunapotoka. Vijana wengi waliandika za maduka. Mimi niliandika ya zizi. Mfugaji anapohamia malisho mapya hukata miiba na kujenga zizi la duara, na miiba ni kazi ngumu. Ukijenga dogo, ngamia wanaumizana, na ukijenga kubwa, umewachosha watu bure. Programu yangu ilichukua ngamia mia moja, ikampa kila mmoja mita kumi za mraba, ikagawanya eneo lote kwa pai, kisha ikatafuta kipeuo cha pili cha kilichopatikana, nao ndio urefu kutoka katikati ya zizi hadi kwenye miiba. Jibu lilikuwa mita kumi na saba nukta nane nne. Siku ile lilipotokea kwenye kioo cha mashine namba saba, Jumanne tarehe 26 Februari, nilivua miwani nikaifuta, nikaivaa tena, nikalisoma mara ya pili. Mwalimu alisimama nyuma yangu akasema, "Hata ngamia watakushukuru, Mama Hodan." Nilichapisha jibu hilo nikaliambatisha kwenye ripoti. Ripoti ilitaka pia tueleze amri iliyotumika. Kwa kuwa neno pika lisingeeleweka nje ya maabara yetu, niliandika amri niliyoiona kitabuni.

Mtahini wa nje alifika Jumatano, tarehe 20 Machi. Aliitwa Bwana Simiyu. Mtu mpana, mwenye adabu, aliyefuta jasho kwa kitambaa kilichokunjwa vizuri. Siku hiyo umeme ulikatika asubuhi, maabara ikawa giza na joto, na mtihani ukahamishiwa ukumbini, kwenye kompyuta yake ndogo ya mkononi. Aliichukua kazi yangu, akaandika amri ile ile niliyoiandika kwenye ripoti, akabonyeza. Programu haikuzaliwa. Kompaila ililalamika kwamba kuna kitu kinachoitwa sqrt, yaani kipeuo cha pili, ambacho kimetajwa lakini hakijulikani kilipo. Bwana Simiyu hakushangazwa na ujumbe huo; kila anayefundisha C anaujua. Hesabu za namna hiyo hazimo ndani ya lugha yenyewe, zimo katika maktaba ya hesabu iliyoko pembeni, na anayeitaka sharti aiunganishe na programu yake kwa kuongeza alama -lm kwenye amri. Mimi sikuwa nimeiongeza. Akaitazama karatasi yangu yenye jibu, akaitazama tena mashine, kisha akauliza kwa upole ambao hadi leo siupendi.

"Mama, kwa amri hii programu hii haiwezi kuwepo. Sasa jibu hili limetoka wapi?"

Nilisema limetoka kwenye programu. Aliniuliza tena, nikasema vile vile, na mara ya tatu nikamwambia kwamba mimi si mtu wa kuulizwa jambo moja mara tatu. Gari la kumpeleka Wajir lilikuwa linamsubiri langoni, na umeme haukurudi kabla hajaondoka. Aliandika kwamba kuna shaka ya kughushi matokeo, na kwamba huenda kazi si ya mwanafunzi mwenyewe. Alasiri hiyo karani wa chuo alibandika karatasi yenye muhuri juu ya mashine namba saba, na mimi nikaambiwa nisikanyage maabara hadi kamati ikae, baada ya Ramadhani. Kanuni ilikuwa wazi: atakayepatikana ameghushi hapewi stashahada, wala hasajiliwi tena. Idara moja ya mifugo ilikuwa imeniahidi nafasi kwa sharti la cheti, na meza yangu ya maziwa sokoni nilikuwa nimekwisha kumwachia mdogo wangu. Lakini haya niliweza kuyabeba. Nisichoweza kukibeba ni neno moja ambalo jioni ya siku ya pili nililisikia kutoka upande wa pili wa ukuta wa ua wangu, ambako majirani walikuwa wanapeta mchele. "Ameandikiwa," alisema mmoja, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua haitanyesha. "Mtu wa umri ule? Ameandikiwa." Mwanamke aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima hana kitu ila hicho kimoja: kwamba anachokiandika amekiandika mwenyewe.

Ijumaa baada ya sala nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Kioko. Alikuwa amepanga vyumba viwili karibu na barabara ya mtoni, na nilisikia redio yake kabla sijabisha. Alifungua mlango, akaniona, na mkono wake ukabaki kwenye kitasa. Nilimwambia kwamba yeye aliiona programu ikifanya kazi, kwamba alisimama nyuma yangu. Alisema ni kweli. Nilimwomba aniambie, basi, kwa nini imekataa kwa mtahini. Redioni mtangazaji alimaliza habari na kuanza matangazo ya vifo.

"Nimeandikwa shahidi, Mama Hodan," alisema. "Siwezi kuzungumza nawe juu ya zizi. Si leo, si mpaka wakae."

Nikamwuliza kama anajua sababu. Alisema anaijua. Kisha akafunga mlango, polepole, kana kwamba upole wa kufunga ungeniliwaza. Nilirudi nyumbani kwa miguu katika jua la saa nane. Alikuwa na maneno ambayo yangenitoa, akayashika mkononi na kufunga mlango. Katika miezi iliyofuata nilipishana naye mara kadhaa kwenye njia ya mwarobaini inayoelekea ofisini, akanisalimia kwa kichwa, nami sikuitikia.

Mvua za gu zilichelewa mwaka huo, na joto la Aprili lilikuwa la kumfanya mtu amchukie aliyeketi karibu naye. Nasteho alikuja nyumbani kila alasiri na kompyuta ya kaka yake chini ya kwapa, akiwa ameifunga kwa leso kama mtoto. Tulikaa kwenye mkeka katika chumba changu cha mbele, penye kivuli, na tukaijaribu programu ile tena na tena. Ilikataa, kama ilivyokataa kwa Bwana Simiyu. Tulijua sasa habari ya maktaba ya hesabu, kwa hiyo tuliongeza ile -lm, tukaiweka mbele, kabla ya jina la kazi, kwa sababu tuliona ni heshima maktaba itangulie. Ikakataa vile vile. Hapo tukafanya kosa lililotugharimu Aprili nzima: tukaamua kwamba maktaba sicho kisa, tukaanza kutafuta kwingine. Nilibadilisha majina, nilifuta mistari na kuirudisha, niliandika kazi yote upya kutoka mwanzo. Usingizi ulikuwa mwepesi na chakula hakikuwa na ladha. Mdogo wangu aliniletea nyama kavu ya nyirinyiri na mkate wa anjera, akakuta sahani ya jana haijaguswa, akaniambia kwamba marehemu mume wangu alinioa nikiwa na nyama mwilini na huenda asinitambue tukikutana huko.

Jambo la kushangaza zaidi lilikuwa kwamba kwenye mashine namba saba hatukuwahi kuitaja maktaba, lakini jibu lilitoka. Ilikuwa siku ya nne au ya tano ya Ramadhani, baada ya alasiri, nami nilikuwa jikoni nakaanga sambusa, Nasteho amekaa kwenye kizingiti akilalamika kiu, nilipomuuliza jambo ambalo nashangaa hatukuulizana mapema: kwani ndani ya pika mna nini?

"Habaryar," alisema, akitumia neno letu la kumwita dada mdogo wa mama, "hiyo ni kitu ya Mwalimu. Sisi tulikuwa tunapika tu."

"Nenda kaangalie. Wewe hujakatazwa kuingia."

"Kesho?"

"Kesho asubuhi. Na usiandike kwa kukisia. Nakili herufi kwa herufi."

Kesho yake alirudi na mstari mmoja ameuandika kwenye kiganja kwa kalamu, hina ikiwa imefifia chini yake. Ndani ya pika hamkuwa na maktaba. Ila kulikuwa na alama ambayo haikuwamo katika amri ya kitabuni wala katika ripoti yangu: -O2. Tulipoiandika kwenye kompyuta ya kaka yake, programu ikazaliwa papo hapo na kusema mita kumi na saba nukta nane nne. Nasteho alipiga vigelegele hadi jirani akauliza ni nani anaolewa. Mimi sikufurahi bado. Niliondoa ile alama, ikakataa. Niliirudisha, ikakubali. Kamati ingeniuliza kwa nini, na kwa mtu wa umri wangu kusema "ndivyo ilivyo" kungekuwa sawa na kukiri kwamba nimeandikiwa.

Ile -O2, tulikuja kusoma, ni kuiomba kompaila ifanye kazi kwa bidii: isigeuze tu maandishi, bali iyatazame na kuyafupisha ili programu iende mbio. Mwalimu aliiweka kwa kuhurumia mashine zake nzee. Kuna namna ya kuiambia kompaila isimame katikati ya kazi na kuonyesha ilichokiandika kabla ya kumaliza. Tulifanya hivyo mara mbili, bila ile alama na pamoja nayo, na nikaisoma mistari ile kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, kama nilivyosoma Kiswahili mara ya kwanza. Katika mistari ya kwanza palikuwa na mahali ambapo programu inaita sqrt kwa jina. Katika ya pili hapakuwa na mwito wowote. Palikuwa na namba tu, imelala pale, imekwisha. Niliitazama namba ile mpaka adhana ya magharibi ikaanza na Nasteho akanitia tende mkononi.

Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimeandika ngamia mia ndani ya programu yenyewe. Kompaila iliyoambiwa ijitahidi ilisoma mia, ikasoma kumi, ikasoma pai, ikaona hakuna jambo la kusubiri, ikakitafuta kipeuo yenyewe na kuandika jibu. Programu iliyozaliwa haikuwa na hesabu ya kufanya, kwa hiyo haikuihitaji maktaba. Ile isiyojitahidi iliiacha hesabu kwa ajili ya baadaye, ikaita maktaba ambayo sikuiunganisha. Na siku chache baadaye, nikitafuta kitu kingine, nikagundua pia kwamba ile -lm tungeiweka mwishoni ingefanya kazi. Anayeunganisha husoma amri kuanzia mwanzo. Ukimtajia maktaba kabla hajaona kinachohitajika, anapita bila kuchukua kitu, kama mtu aliyetumwa dukani kabla mwenye jiko hajafunua mitungi akajua kilichokwisha.

Kamati ilikaa Jumanne, tarehe 2 Julai, katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu na chupa za maji. Mwenyekiti alikuwa Naibu Mkuu wa chuo, Mzee Dubow, mzaliwa wa Takaba, mwenye ndevu za hina na kompyuta ambayo hakuna aliyewahi kuiona imewashwa. Bwana Simiyu alikuwepo na kitambaa chake. Mwalimu Kioko aliitwa, akakaa mbali nami, akaulizwa kama aliiona programu ikifanya kazi. Alisema aliiona, tarehe 26 Februari, kwenye mashine namba saba. Bwana Simiyu akamuuliza kwa nini, basi, haikufanya kazi kwake.

"Ninaijua sababu," alisema Mwalimu Kioko. "Lakini mwenye programu yumo humu ndani."

Wote wakageuka kunitazama. Nilizungumza nikiwa nimesimama. Nilieleza habari ya pika, ya ile alama, ya namba iliyolala pale bila mwito. P zangu zilitoka kama b, kama zinavyotoka nikiwa na hamaki, na sikuzirudia. Bwana Simiyu alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akafungua kompyuta yake, akaandika amri ile ile ya Machi na kuongeza ile -O2, akabonyeza. Alitazama kioo kwa muda. Alisema, "Ni kweli," kwa sauti ya mtu anayesoma kipimo, na nilimheshimu kwa kutoongeza neno. Lakini hakuwa amemaliza. Alisema kuna jambo moja linalomsumbua. Kila programu ya namna hii humuuliza mtumiaji: una mifugo wangapi? Kama yangu ingeuliza, kompaila isingeijua namba mapema, na ningegundua siku ya kwanza kwamba maktaba haipo. Kwa nini nikaandika mia, nikaifungia ndani?

Nilimwambia kwamba hatuulizi.

"Hamuulizi nini?"

"Idadi. Mtu haulizwi ana ngamia wangapi, Bwana Simiyu. Ni utovu wa adabu, na ni kumtakia jicho baya. Sikuweza kuandika mashine imuulize mzee jambo ambalo mimi mwenyewe nisingemuuliza."

Alidhani ninatafuta njia ya kuponyoka. Niliona usoni mwake. Akamgeukia mwenyekiti, na nusu kwa mzaha akasema, "Naibu, wewe una ngamia wangapi?"

Mzee Dubow alishika chupa yake ya maji. Aliifungua, akaifunga. Alitazama dirisha, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa karakana. "Mungu ametujalia," alisema hatimaye, kisha akawauliza wenzake kama kuna anayehisi feni ni kali. Bwana Simiyu aliangua kicheko, cha wema, akainua mikono. Waliniamuru nitoke. Waliponiita tena waliniambia kwamba hukumu itatolewa tarehe 11, na kwamba siku hiyo nilete programu inayopokea namba kutoka kwa mtumiaji, kwa sababu programu isiyomuuliza mtu chochote, hata ikiwa na adabu, haifai mtu zaidi ya mmoja.

Sikuweza kulipinga hilo, nalo likanitesa kuliko yote yaliyotangulia. Nilizunguka na swali hilo siku baada ya siku katika upepo wa vumbi wa hagaa, ule msimu mkavu wa katikati ya mwaka. Jumapili nilikwenda sokoni kumsaidia mdogo wangu, nikakaa nyuma ya madumu ya maziwa, na karibu yangu wanawake wawili waliokuwa wamekuja na maziwa kutoka malishoni walikuwa wanakunywa chai na kusema habari za waume zao. Mmoja alisema zizi la mwaka jana lilikuwa la kamba thelathini, kwani huko zizi hupimwa kwa kamba kuuzunguka ukingo wake, na mwaka huu wanyama wanalala wamekanyagana, na mume wake mvivu anataka kuongeza mbili tu. Mwenzake akasema waume wote ni wa kamba mbili. Walicheka, nami nikashika kikombe changu kikiwa nusu njia. Alikuwa ametaja zizi lake mbele ya soko zima. Alikuwa amesema kwamba kundi limekua. Na hakuna aliyejua ana ngamia wangapi.

Alhamisi, tarehe 11 Julai 2019, nilikaa mbele ya mashine namba saba, karatasi ya muhuri ikiwa imebanduliwa na gundi yake imebaki. Kamati ilisimama nyuma yangu, na Nasteho alikuwa dirishani, nje, akijifanya anasubiri mtu. Sikutumia pika. Niliandika amri yote kwa mkono wangu, herufi kwa herufi, na programu ikazaliwa bila neno. Bwana Simiyu aliomba mtumiaji. Kila mtu akamtazama Mzee Dubow, naye akavuta kiti akaketi kama mtu anayeketi kwa kinyozi. Mashine ikamuuliza: zizi lako la sasa lina kamba ngapi kuzunguka?

"Arobaini," alijibu mara moja, kwa sauti iliyofika dirishani.

Ikamuuliza: kundi limeongezeka kwa kiasi gani tangu ulijenge? Mzee alikohoa. Alisema halijaongezeka, ukame umekuwa mkali. Niliandika sifuri, na mashine ikamwambia ajenge zizi la kamba arobaini. Tulilitazama jibu hilo lisilo na faida kwa mtu yeyote. Kisha akainama karibu na sikio langu, ingawa chumba kizima kilimsikia.

"Weka nusu," alisema. "Alhamdulillahi. Weka nusu."

Niliweka nusu. Programu haikuwa na namna ya kulijua jibu hilo kabla. Ilibidi iende ikaiite maktaba itafute kipeuo cha pili cha moja na nusu na kukizidisha kwa arobaini, nayo maktaba ikaitika. Arobaini na nane nukta tisa tisa. Mzee Dubow alisoma kwa sauti, akatikisa kichwa, akauliza miiba yote hiyo itatoka wapi. Bwana Simiyu alicheka tena, akatia saini akiwa amesimama. Mzee akatia saini, na akasoma uamuzi kwa Kiswahili cha ofisini: kwamba kamati haikuona udanganyifu wowote, na kwamba kazi ni ya mwanafunzi mwenyewe. Alisema "mwenyewe," nikamwomba alirudie neno hilo, akalirudia bila kuuliza sababu.

Mwalimu Kioko alitia saini ya mwisho, kama shahidi. Aliinama kwenye kioo cha mashine, akaisoma amri niliyoiandika, polepole, kutoka mwanzo. Ndipo aliposema nami, mara ya kwanza tangu Machi.

"Ile -lm umeiweka wapi?"

"Mwishoni, Mwalimu," nilimwambia.